Michezo ya Kuiga Maisha: Faraja ya Kuingoja Kesho



Katika nyumba zetu nyingi leo hakosi kijana anayemwagilia maji mboga zisizolika, anayejenga nyumba isiyolalika, na anayewapelekea zawadi majirani wasiokuwepo duniani. Yote hayo yamo ndani ya simu au runinga. Mzazi huyaona ni kupoteza wakati, na pengine huinyakua simu kwa hasira. Kabla ya kufika hapo, ndugu zangu, yafaa tujue michezo hii ya kuiga maisha ilitoka wapi, na ni haja gani ya moyo inayotafutwa humo.

Mnamo Oktoba 1991 moto mkubwa ulizuka katika vilima vya mji wa Oakland, Marekani. Watu 25 walifariki na maelfu ya nyumba yakateketea. Miongoni mwa waliounguliwa alikuwa Will Wright, mtunzi wa michezo ya kompyuta. Alipokuwa akianza upya kununua vitu vya nyumbani, alijiuliza ni vipi hasa ambavyo mwanadamu anavihitaji. Katika fikra hizo ukakua mchezo wa The Sims, uliotoka mwaka wa 2000. Humo mchezaji hujenga nyumba na kuwatunza wakaazi wake: wale, walale, waoge, wazungumze na jirani.

Huko Japani, Katsuya Eguchi alihama Chiba kwenda kufanya kazi katika kampuni ya Nintendo mjini Kyoto, akawaacha nyuma jamaa na marafiki. Upweke huo ndio uliomtia fikra ya kutunga Animal Crossing, mchezo uliotoka kwanza mwaka wa 2001. Mchezaji huwa mgeni katika kijiji ambacho majirani zake ni wanyama wanaosema. Humjulia hali, humwandikia barua, na akipotea siku nyingi humwuliza alikuwa wapi.

Basi michezo hii miwili ilitungwa na watu walioonja kupoteza. Toleo la Animal Crossing liitwalo New Horizons lilitoka tarehe 20 Machi 2020, wakati ambapo dunia ilikuwa ikifunga milango yake kwa maradhi ya Korona, na hapa kwetu madrasa na misikiti ikifungwa. Saa ya mchezo huo ni saa ya kweli. Mti wa matunda uliopandwa leo hauzai leo. Sharti ungojwe siku kadhaa. Hata mkopo wa nyumba humo hauna riba wala siku ya mwisho ya kulipa, ingawa akiba ya benki huzaa riba, jambo ambalo mzazi atapaswa kumfafanulia mwanawe. Mtu aliyefiwa, au anayeugua kwa muda mrefu, huiona kesho kama ukuta. Mche mdogo unaosubiriwa humpa sababu ya kuamka.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliulinganisha muda halisi wa kuucheza mchezo huo na hali za wachezaji. Waliocheza zaidi walielekea kuwa na nafsi tulivu zaidi, kwa kiasi kidogo tu, na watafiti hawakudai kwamba mchezo ndio uliosababisha.

Mama mmoja mjane alinijia kulalamika kwamba bintiye, tangu kufiwa na babake, anashinda katika shamba la mchezo wa Stardew Valley. Nikamwomba aketi naye amwulize anaona nini humo. Binti akamweleza kwamba mchezo huanza kwa babu anayemwachia mjukuu wake barua na shamba, na shamba lenyewe limejaa magugu. Kazi ya mchezaji ni kulifyeka na kulipanda tena. Mama aliniambia kwamba jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu khitma ya marehemu, wao wawili walimtaja kwa jina wakalia pamoja.

Tusisahau kwamba Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alicheza na wanasesere nyumbani mwa Mtume (SAW), na wenzake wakija kucheza naye. Mtume hakumkataza, bali aliwaruhusu wale wasichana waingie. Mtoto huigiza maisha ili ayazoee.

Hata hivyo ruhusa ina mipaka. Stardew Valley ina kilabu cha pombe na nyumba ya kamari. The Sims ina mambo ya mapenzi yasiyomfaa mtoto. Mzazi na autazame mchezo mwenyewe kwanza, aiweke mbali njia ya kulipia kwa simu, na adhana ikilia mchezo usimame. Na ikiwa huzuni imemzuia mtu kula, kulala au kuzungumza na watu wake, hapo mchezo hautoshi; apelekwe kwa daktari, na jamaa wawe karibu naye.

Kwa aliye mzima, faraja ya skrini na imfikishe kwenye faraja ya nyumbani. Mpe mwanao kopo la udongo na mbegu za mchicha, mkabidhi sahani ampelekee jirani, kisha mwache arudi kwenye kisiwa chake kwa muda mliokubaliana. Mchicha nao haumei kwa siku moja, na atakayekwenda kuutazama asubuhi atakuwa ameshajifunza kutaraji.

Wabillahi tawfiq.