Mita ya kilomita ikikwama, gari hupoteza kumbukumbu

NUU, wadi iliyo mashariki mwa mji wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, ni pahali ambapo gari kuukuu halistaafu. Pikapu iliyotumika kwa miongo mitatu ingali inabeba ndengu, mbuzi na mitungi ya maji, ikivuka mito ya msimu iliyojaa mchanga na kuzipanda njia za mawe zilizo karibu na milima. Breki ikilegea hushughulikiwa. Springi ikikatika hutengenezwa siku hiyo hiyo. Lakini mita ya kilomita inapokwama, aghalabu huachwa ilivyo, kwa hoja kwamba gari haliendeshwi na tarakimu.

Hoja hiyo ina kasoro. Mita ya kilomita, ambayo mafundi wengine huiita odometa, ndiyo kumbukumbu ya pekee ambayo gari hubeba popote liendapo. Ikisimama, mwenye gari hukadiria kwa macho wakati wa kubadilisha oili, kukagua breki na kubadilisha mkanda wa injini. Gari linaloendeshwa katika vumbi na jua kali halivumilii makisio kama hayo kwa muda mrefu.

Mfano ulio wazi zaidi ni Toyota za dizeli za miaka ya 1980 na 1990, zikiwemo Hilux na Hiace zenye injini za aina ya 2L na 3L. Injini hizo hutumia mkanda wa raba unaounganisha mwendo wa pistoni na wa vali. Kwenye dashibodi mna taa iliyoandikwa T-BELT, ambayo kwa magari mengi ya aina hiyo huwaka kila yanapotimiza kilomita 100,000 ili kumkumbusha dereva kuubadilisha mkanda. Taa hiyo haipimi uchakavu wa mkanda wenyewe, bali hufuata hesabu ya mita. Mita ikikwama kwenye 87,000, taa haitawaka kamwe, na mkanda utaendelea kuchakaa hadi ukatike njiani. Ukikatika, vali zinaweza kugongana na pistoni, na gharama yake ikawa kufungua injini nzima. Gia ndogo ya plastiki isiyozidi ukubwa wa ukucha inaweza kuwa chanzo cha hasara hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi

Wazo la kuhesabu mwendo kwa gia ni la kale. Mhandisi wa Kirumi, Vitruvius, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza kigari ambacho gurudumu lake lilizungusha magurudumu ya meno na kudondosha kokoto moja sandukuni kwa kila maili. Dereva alihesabu kokoto, akajua safari yake.

Katika gari la zamani, mahali pa kokoto pamechukuliwa na ngoma ndogo zenye tarakimu. Kebo ndefu ya waya uliosokotwa hutoka kwenye giaboksi, ikapita ndani ya mrija hadi nyuma ya dashibodi. Gari linapokwenda, kebo huzunguka. Katika magari mengi ya Japan, huzunguka mara 637 kwa kila kilomita.

Kebo hiyo hufanya kazi mbili. Kwanza, huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha chuma, na nguvu ya sumaku hukivuta kikombe pamoja na mshale wa spidomita, huku springi nyembamba ikiuzuia usipite kiasi. Mbinu hiyo ilipewa hataza nchini Ujerumani mwaka wa 1902 kwa jina la Otto Schulze. Pili, kebo huzungusha msururu wa gia zinazopunguza mwendo hatua kwa hatua hadi ngoma ya mwisho, ile ya kulia, isogee polepole. Ngoma hiyo ikimaliza mzunguko mmoja, huisukuma jirani yake wa kushoto kwa tarakimu moja.

Kutambua ugonjwa kabla ya tiba

Kwa kuwa spidomita na mita ya kilomita hutumia kebo moja, fundi mwangalifu huanza kwa kulinganisha hali za vyombo hivyo viwili kabla ya kushika bisibisi.

Ikiwa mshale wa kasi na tarakimu vyote vimekufa, kosa kwa kawaida liko kwenye kebo au kwenye gia ndogo iliyo katika giaboksi. Kebo hufunguliwa kwa mkono nyuma ya dashibodi, kisha gurudumu huzungushwa taratibu likiwa limeinuliwa kwa jeki na gari limezuiwa barabara kwa mawe. Ncha ya kebo isipozunguka, imekatika au gia ya chini imekwisha meno.

Ikiwa mshale hutetemeka na kelele husikika dashibodini, kebo imekauka au imepindwa mno. Huvuliwa, ikasafishwa vumbi, ikapakwa grisi kidogo na kupitishwa bila kona kali. Grisi ikizidi, hupanda hadi ndani ya spidomita na kuukwamisha mshale.

Ikiwa mshale wa kasi unafanya kazi sawasawa lakini tarakimu hazisongi, kebo haina hatia. Kosa limo ndani ya dashibodi, kwenye gia za plastiki zilizokauka na kupasuka kwa miaka mingi ya joto, au kwenye gia iliyolegea ikawa inateleza juu ya mhimili wake. Magari ya Volvo 240 na Mercedes-Benz za miaka ya 1970 na 1980 yanajulikana na mafundi wengi kwa maradhi ya namna hii.

Kufungua na kurekebisha

Kazi huanza kwa kuondoa waya hasi wa betri. Kisha dashibodi hufunguliwa, kebo ikatolewa na plagi za umeme zikachomolewa kwa kushika plagi zenyewe. Magari mengi ya zamani yana karatasi nyembamba ya plastiki yenye njia za shaba mgongoni mwa dashibodi. Karatasi hiyo ikichanika, taa na geji kadhaa hufa pamoja, na fundi huwa ameponya kidonda kimoja akafungua vingine vitatu.

Kioo kikishatolewa, mshale wa kasi haufai kung'olewa ila pasipo njia nyingine. Ukilazimika kutolewa, mahali pake hutiwa alama kwanza, kwani ukirudishwa kando kidogo, spidomita itadanganya. Gia iliyovunjika hutolewa na meno yake kuhesabiwa. Mpya au ya kutoka gari bovu lazima iwe na idadi ile ile ya meno, la sivyo mita itahesabu kilomita zisizokuwepo au itazipunguza. Gia inayoteleza juu ya mhimili wa chuma husafishwa, mhimili ukakwaruzwa kidogo na kutiwa tone dogo la gundi ngumu. Tone likienea hadi kwenye ngoma, mita nzima hugeuka pambo.

Kabla ya kurudishwa, dashibodi yaweza kujaribiwa kwa drili inayozungusha kipande cha kebo taratibu, kwa upande ule ule ambao kebo huzunguka garini. Kwa mita inayohitaji mizunguko 637 kwa kilomita, kasi ya mizunguko 637 kwa dakika inapaswa kuupeleka mshale kwenye 60, na kilomita moja kuhesabiwa kila dakika.

Tarakimu ipi iwekwe?

Hapa ndipo ufundi unapokutana na uaminifu. Vipuri hutafutwa Mwingi au Nairobi, katika maduka ya Kirinyaga Road na eneo la Grogan, na muuzaji huenda akapendekeza dashibodi nzima iliyotolewa kwenye gari jingine. Huo ni urahisi wenye mtego, kwa sababu dashibodi hiyo huja na kilomita za gari jingine. Gari lililotembea kilomita 310,000 laweza kurudi nyumbani likidai 94,000.

Njia iliyo salama ni kuhamisha ngoma za zamani, au kuweka tarakimu ile ile ambayo mita ilikwama nayo, kisha kuandika daftarini tarehe ilipokwama, tarehe ilipotengenezwa na makisio ya mwendo wa katikati. Makisio hayo hupatikana kwa risiti za mafuta. Pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita moja, ikiwa imenunuliwa lita 400 wakati mita imekufa, imetembea takriban kilomita 4,000. Mnunuzi akija, daftari huonyeshwa.

Kurudisha tarakimu nyuma ili gari lionekane jipya ni ulaghai. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka wa 2012 inakataza kauli za uongo au za kupotosha kuhusu bidhaa. Mnunuzi naye asiiamini dashibodi peke yake. Kwa gari lililotoka Japan, aombe nakala za hati za huko, kwa maana tangu 2004 vyeti vya ukaguzi vya nchi hiyo huandikwa kilomita. Aangalie pia pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haiafikiani na kilomita 60,000. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya mita iliyochezewa huishia kwenye pedali.

Wenye Land Rover kongwe wakumbuke kwamba baadhi yake huhesabu maili. Maili 60,000 ni takriban kilomita 96,560.

Hatua ya mwisho ni kuijaribu mita barabarani, kwa kuilinganisha na simu yenye ramani au umbali unaojulikana. Matairi makubwa kuliko ya kiwandani hupunguza hesabu. Yakizidi kwa asilimia tano, kila kilomita 100 za mita ni 105 za kweli, na oili inayobadilishwa kila kilomita 5,000 hubadilishwa ikiwa imetumika kwa 5,250. Kitufe cha kurudisha mita ya safari kwenye sifuri nacho kibonyezwe gari likiwa limesimama tu, kwani kukibonyeza katika mwendo ni mojawapo ya njia za haraka za kuvunja gia hizo ndogo.

Ikiwa mita ilikuwa imekufa kwa muda usiojulikana, oili na mkanda wa injini vibadilishwe mara moja, tarehe iandikwe, na hesabu ianze upya kutoka hapo.