Mitumbwi Hamsini, Samaki Walewale

Kila mwaka hawakosekani wanafunzi wa uzamili wanaokuja darasani wakidhani uchumi wa mazingira na maliasili ni somo la kupanda miti. Kufikia wiki ya tatu wanahesabu mitumbwi.

Tuchukue mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, kwa tarakimu za kubuni ili hesabu iwe nyepesi. Mitumbwi 20 ikitoka, kila mmoja unarudi na kilo 100 za sangara. Mafuta, nyavu na malipo ya wavuvi vinakula thamani ya kilo 40. Zinabaki kilo 60 kwa mtumbwi, yaani kilo 1,200 kwa mwalo mzima. Jirani akisikia, naye anachonga wake. Kila mtumbwi unaoongezeka unapunguza mavuno ya kila mmoja kwa kilo 2, maana samaki wanaogombaniwa ni walewale na wanaobaki kuzaa ni wachache. Watu wataacha lini kuingia? Pale kila mtumbwi utakapoambulia kilo 40, gharama tupu. Huo ni mtumbwi wa 50. Sasa zidisha: mwalo unavuna kilo 2,000, sawasawa na ilipokuwa mitumbwi 20. Ziada yote imeyeyuka.

Hoja hii aliiandika Mkanada H. Scott Gordon mwaka 1954. Ninachoipendea ni kwamba ndani yake hamna mjinga. Kila mvuvi amepiga hesabu yake vizuri. Ufukara kando ya ziwa lenye samaki hauelezwi na uvivu wala ulevi, hata jukwaani waseme nini. Na injini za bei nafuu pekee haziuondoi: gharama ikishuka hadi kilo 30, mitumbwi inafika 55 na mavuno ya mwalo yanaanguka hadi kilo 1,650.

Basi ziwa apewe mwenyewe mmoja? Wengi hukimbilia hapo. Mwaka 1973 mwanahisabati Colin Clark aliwaharibia raha kwa mfano wa nyangumi wa bluu, ambaye huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka 2 au 3. Ikiwa wanyama wanaongezeka polepole kuliko riba ya benki, na kumvua hata wa mwisho bado kunalipa, mmiliki mwenye akili timamu atawamaliza leo na fedha aziweke benki. Hesabu hiyo huwatia wanafunzi baridi, na inafaa iwatie.

Riba hiyo ipo mwaloni pia, ila haina tawi wala bango. Mvuvi anayedaiwa nyavu na tajiri wake hawezi kuithamini kesho kama ofisa anayelipwa mshahara. Kumpa semina kuhusu matundu ya nyavu bila kugusa deni lake ni kumhubiria aliyekwisha kuokoka: anajua, ila hana nafasi.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alionyesha njia nyingine: watu wanaofahamiana, wenye mipaka inayojulikana, wanaweza kujiwekea sheria na kulindana wenyewe, adhabu zikianza kwa wepesi. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali mialoni vinafanana na wazo hilo. Tatizo ni ukubwa. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, nchi tatu, na sangara hana pasipoti.

Swali langu la mtihani linarudi kwenye mwalo uleule. Mitumbwi ni 50; ziada hufikia kilele, kilo 1,250, ikiwa 25. Samaki wakisharejea, ziada hiyo ikigawiwa wote 50, waliobaki na waliotoka, kila mmoja anapata kilo 25 mahali pa sifuri. Mwanafunzi hufika hapo kwa nusu saa. Sehemu ya pili inamtaka aandike utaratibu wa kuwachagua 25 wa kutoka, na autetee mbele ya mkutano wa mwalo. Wengi huiacha wazi.