Tusitume amri bila kungoja jibu

Wandugu wanafunzi, hapa kwa sentrali ya umeme ya Koni, mwenye kufungulia turbini maji ya Lufira haendi zake. Anatazama vipimo kwanza.

Programu ya C ni vile vile. Katika Linux, system() inapatia sheli, yaani mpokezi wa amri, kazi yetu, halafu inarudisha namba: 0 ni kusema imefaulu, -1, mchakato mtoto haukuundwa ao jibu lake halikupatikana. Namba ingine tuifungue na WIFEXITED na WEXITSTATUS. Tukikuta 127, mara nyingi amri haikuonekana.

Sisi tulidharau ile namba. Tulinakili pointi za mitihani kwa cp, kisha rm ikafuta za kwanza. Kumbe diski ilijaa! cp ilishindwa, rm ikafaulu. Pointi zote bure.

Sasa tunaandika: if (jibu == 0), ndipo tufute.