Umempa lekchara maksi. Majibu umeyaona wapi?

Wiki mbili kabla ya mitihani, saiba za Kona ya Musa huwa na wateja ambao si wa kila siku. Utawajua tu. Mkoba mgongoni, simu imeishiwa bando, na namba ya usajili wanaitaja bila kuangalia popote. Wamekuja kuchapisha kadi ya mtihani kabla ya kupanda matatu ya Likoni asubuhi inayofuata, na potali ya chuo inakataa. Si karo, karo imelipwa. Inakataa kwa sababu hujajaza tathmini ya wahadhiri. Masomo ni saba, kila somo lina maswali karibu ishirini, na nyuma yako kuna foleni ya watu wanaovuta pumzi kwa sauti ili usikie.

Sasa nini hutokea? Wewe unajua na mimi najua. Tiki, tiki, tiki. Nne kwa huyu, nne kwa yule, hata kwa yule lekchara aliyeonekana darasani mara tatu semista nzima. Kile kisanduku cha maoni pale chini unaandika nukta moja, kwa sababu mfumo haupokei kikiwa tupu. Wengine hata hawashiki kipanya wenyewe. Jamaa wa saiba anawaambia, "Bro, we' niwekee tu paswadi nikumalizie," na kwa shilingi chache juu ya bei ya kuchapisha, wahadhiri saba wanapimwa na mtu ambaye hajawahi kuwaona hata siku moja.

Huu utaratibu haukuanguka kutoka mbinguni. Serikali ilianza mikataba ya utendakazi katika mashirika ya umma mwaka 2004, na vyuo vikuu navyo vikaingia. Kisha vikakimbilia vyeti vya ubora vya ISO 9001, na cheti hicho kinataka uonyeshe kwamba unamsikiliza yule unayemhudumia. Chuoni anayehudumiwa ni mwanafunzi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ikaleta Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo kazi yake mojawapo ni kuangalia ubora. Kwa hiyo kila chuo kikubwa, ukienda Tudor pale Technical University of Mombasa, ukienda Pwani University kule Kilifi, ukipanda basi mpaka Nairobi, suala la mwanafunzi kutoa maoni kuhusu ufundishaji limekuwa sehemu ya maisha. Faili lazima lijazwe. Na njia rahisi kuliko zote ya kulijaza ni kumfungia mwanafunzi kitu anachokihitaji mpaka amalize.

Mimi nawaelewa kidogo hao wa ofisini. Ukiwaachia watu wajaze wakipenda, watajaza wale wawili waliokosana na lekchara na yule mmoja anayempenda sana. Lakini kulazimisha nako kuna gharama yake, na gharama hiyo haionekani mpaka upige hesabu.

Chukua darasa la watu 40. Kumi wamekaa chini, wamefikiri, wamempa mwalimu 2 kati ya 5 kwa sababu kweli hafundishi, anasoma notisi za zamani na kuondoka. Wale 30 waliobaki wako saiba, wanataka kadi, wanabonyeza 4. Jumla 140, gawa kwa 40, unapata 3.5. Hiyo ni asilimia 70. Kwenye ripoti huyo ni mwalimu mzuri, hana tatizo, tuendelee. Wale kumi waliosema kweli wamezikwa na wenzao, si na utawala. Na wenzao hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wanawahi feri.

Ukiwauliza watu kwa nini hawaandiki wanachofikiri, neno la kwanza ni woga. "Nimeingia na namba yangu, si watajua ni mimi?" Swali zuri hilo. Kwenye fomu juu imeandikwa kwamba majibu ni siri, lakini potali inajua umejaza, la sivyo isingekufungulia kadi. Mfumo uliotengenezwa vizuri hutenganisha vitu hivi viwili: upande mmoja unaweka alama kwamba mwanafunzi fulani amemaliza, upande mwingine unaweka majibu bila jina. Tatizo ni kwamba ukiwa mwanafunzi huna njia ya kuchungulia ndani ukathibitisha. Unaambiwa uamini. Na mahali ambapo maksi zinaweza kupotea ukazitafuta mwaka mzima, ofisi hadi ofisi, mpaka mahafali yakupite, kuamini ni kitu ghali. Ndiyo maana kijana mwenye akili zake timamu anampa 5 mtu anayemlalamikia kila siku kwenye matatu.

Halafu kuna siri nyingine ambayo kompyuta haiwezi kuitunza. Darasa la watu sita linajuana. TUM wana kampasi huku Kwale, na kwenye kampasi ndogo au kozi yenye watu wachache, ukiandika "anapochelewa sababu ya feri asituhesabie sisi utoro," mwalimu hahitaji jina lako. Ni nani mwingine anayelalamika kuhusu utoro? Hata namna unavyoandika inakutaja. Yupo anayeandika Kiingereza cha Biblia, yupo anayeandika kama anatuma meseji. Kwa madarasa kama hayo ningependa chuo kiunganishe maoni ya semista mbili tatu kabla ya kumwonyesha mwalimu. Si kazi ngumu.

Na zamani ya karatasi haikuwa bora, nisikudanganye. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, chuo chenyewe sitakitaja. Siku ya tathmini mwalimu alikuja na bahasha, akatugawia fomu, akasimama pale mbele mikono nyuma akitutazama tukijaza. Tukimaliza tunampa yeye mwenyewe mkononi. Darasa zima lilimpenda siku hiyo.

Lakini woga si sababu kubwa kuliko zote. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba hakuna anayekurudishia jibu. Unajaza mwaka wa kwanza, unajaza wa pili, unafika wa nne. Hujawahi kuona hata mstari mmoja: wanafunzi wangapi walijibu, wastani wa idara ni upi, kitu gani kilibadilishwa. Majibu yanaenda kwa mwenyekiti wa idara, kwa mkuu wa kitivo, kwa ofisi ya ubora, pengine na kwa mwalimu mwenyewe. Wewe uliyeyatoa ndiye pekee usiyeyaona. Na kwa kuwa fomu inakuja semista ikiwa inaisha, hata lekchara akibadilika kabisa, watakaofaidi ni wale wanaokuja nyuma yako. Wewe unaishia kupanda tu.

Kuna sehemu wanafunzi huona. Harvard kule Marekani wana kitu kinaitwa Q Guide, mwanafunzi anaingia anasoma alama na maoni ya waliopita kabla ya kuchagua somo. Kwetu kuchagua kwenyewe ni kidogo. Kozi ina masomo yake, somo lina mwalimu wake, umpende usimpende ni huyo. Kwa hiyo sisi kuona matokeo hakutatusaidia kumkimbia mtu. Kutatusaidia kujua kama yaliyosemwa mwaka jana yalisikika.

Hapa ni lazima nigeuke upande wa pili, maana kuna watu wanaosoma hii wakiwa na hamu ya kuona walimu wanaanikwa majina na alama kwenye mbao za matangazo. Polepole. Alama hizi zina ugonjwa wake.

Kuna jaribio lilifanyika katika chuo cha North Carolina State, likachapishwa 2015. Kozi ya mtandaoni, walimu wawili wasaidizi, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wanafunzi hawawaoni nyuso. Kila mmoja alifundisha kundi moja kwa utambulisho wake na kundi jingine kwa utambulisho wa mwenzake. Kazi zilirudishwa kwa wakati uleule kwa makundi yote. Wanafunzi walipoulizwa kama mwalimu anarudisha kazi kwa haraka, aliyedhaniwa mwanamume alipata 4.35, aliyedhaniwa mwanamke 3.55. Siku zilezile, saa zilezile! Miaka miwili baadaye, 2017, watafiti wengine wakakusanya tafiti nyingi za nyuma na kusema kwamba mwalimu kupewa alama kubwa hakuendani na wanafunzi wake kujifunza zaidi. Na mwaka 2018 huko Toronto, chuo kilichokuwa kinaitwa Ryerson kiliambiwa na msuluhishi wa migogoro ya kazi kwamba kisitumie tena tathmini za wanafunzi kupima ubora wa ufundishaji pale kinapoamua kumpandisha mtu cheo.

Sasa lete hayo kwetu. Mhadhiri wa kudumu kwa kawaida hupanda cheo kwa machapisho ya utafiti, fomu yako haimtikisi sana. Wa kibarua, yule anayefundisha vyuo viwili na malipo yake yanachelewa, ndiye anayeweza kukosa kuitwa semista ijayo kwa sababu ya wastani. Na wastani huo umetoka wapi? Kwa jamaa wa saiba. Mtu anaweza kupoteza riziki kwa tiki za mtu aliyekuwa na haraka. Au chukua semista ya mgomo wa 2025, wahadhiri walipokaa nje kuanzia Septemba mpaka mwanzoni mwa Novemba wakidai pesa zao. Waliporudi, kazi ya miezi ikabanwa katika wiki chache, kisha fomu inauliza: "Je, mhadhiri alimaliza silabasi kwa wakati uliopangwa?" Utamjibu nini mtu? Fomu haina mahali pa kusema kosa si lake wala si langu.

Ndiyo maana mimi kile kisanduku cha maoni nakithamini kuliko nambari zote. "Hafai" haimsaidii mtu, na "yuko poa" vilevile. Lakini ukiandika "CAT ya kwanza tuliifanya wiki ya tano, hatujarudishiwa mpaka leo wiki ya kumi na mbili," hiyo mwenyekiti wa idara anaweza kuifuata, na haina mambo ya jinsia wala sura ya mtu. Andika kilichotokea, wiki gani, mara ngapi. Unyanyasaji wa kingono usiupeleke kwenye fomu hii. Mtu mwenye mamlaka anayekusumbua namna hiyo anavunja Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, na hiyo ni ripoti ya polisi na ya ofisi ya jinsia chuoni. Fomu itasomwa miezi mitatu baadaye, ikisomwa.

Na kuhusu kuyaona majibu, tuna kitu ambacho wengi wetu hatujakigusa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna ya kuziomba. Chuo kikuu cha umma kimo ndani. Ombi ni la maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, ndiyo, Kiswahili kimetajwa kwenye sheria yenyewe. Kuomba hakulipiwi, wanaweza kukutoza gharama ya kutoa nakala tu. Hulazimiki kueleza unazitakia nini. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikataa, unaenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30.

Sheria hiyohiyo inalinda faragha ya mtu, kwa hiyo ukiomba alama za lekchara fulani kwa jina utapigwa chini, na pengine ni haki. Omba visivyo na jina. Wanafunzi wangapi walijaza semista iliyopita, idara kwa idara. Wastani wa kila swali katika idara yako. Malalamiko matatu yaliyojirudia zaidi, na hatua iliyochukuliwa kwa kila moja. Ongeza na swali la ile siri: majibu yanatunzwaje, nani anayaona, na jina langu linatenganishwa nayo hatua gani? Hilo la mwisho una haki nalo pia chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inataka uambiwe taarifa zako zinatumiwaje.

Barua kama hiyo ni ukurasa mmoja. Rep wa darasa anaweza kuiandika, wenzake wakatia sahihi, woga ukagawanywa kwa watu 40 badala ya kubebwa na mmoja. Chapisha nakala mbili, peleka ofisi ya msajili, moja waibaki nayo, nyingine wakupigie muhuri wa kupokea wenye tarehe. Siku 21 zinaanza kuhesabiwa pale.