Uvimbe uko wapi leo? Picha kabla ya mionzi kwa watoto

Ukisikia "tiba ya mionzi" huenda unawaza mashine kubwa inayochoma uvimbe, basi, kazi imekwisha. Lakini nguvu ya mionzi siyo swali gumu zaidi. Swali gumu ni hili: uvimbe uko wapi leo?

Tuchukue rabdomiosakoma, saratani ya tishu laini inayowapata zaidi watoto. Ikiwa kwenye nyonga, dozi mara nyingi hufika Gy 50.4 (Gy ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili). Hugawanywa kwa vipindi 28 vya Gy 1.8, siku tano kwa wiki. Muda wote huo kibofu kinajaa na kupungua, gesi inapita tumboni, mtoto anakonda. Uvimbe nao unasogea, na zile nukta za wino kwenye ngozi haziwezi kukuambia hilo.

Dawa ya zamani ilikuwa kuongeza ukingo: unapiga mionzi mpaka nje ya uvimbe ili hata ukisogea usiukose. Sasa fanya hesabu. Uvimbe wa mviringo kama mpira, wenye kipenyo cha sm 4, una ujazo wa kama sentimita za ujazo 34. Ukiweka ukingo wa sm 1 kila upande, unapiga 113. Ukiweka milimita 5, unapiga 65 tu.

Tofauti hiyo ni tishu nzima kabisa. Kwa mtoto, humo mna mifupa ya nyonga inayoendelea kukua, na kwa msichana ovari ziko jirani. Mzee wa miaka 70 hana tena mfupa wa kurefuka. Mtoto wa miaka 4 ana miongo mingi ya kuishi na athari za mionzi, ikiwemo hatari ya saratani nyingine ukubwani.

Hapo ndipo picha inapookoa. Mashine nyingi za kisasa zina kifaa cha eksirei pembeni. Kinamzunguka mtoto akiwa kitandani na kutoa picha ya pande tatu. Wataalamu wanailinganisha na picha ya CT iliyotumika kupanga tiba, wanasogeza kitanda milimita kadhaa, ndipo mionzi inawashwa. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia hupewa nusu kaputi, kwa hiyo yote haya lazima yaende haraka.

Ila picha yenyewe nayo ni mionzi! Ni kidogo sana ukilinganisha na tiba, lakini ikipigwa mara 28 inajumlishika, tena inagusa hata sehemu ambazo tiba ilizikwepa. Mwili wa mtoto ni mwembamba, eksirei kidogo inatosha kuupenya, kwa hiyo mipangilio ya mtu mzima haimfai. Na kama siku hiyo kinachotafutwa ni mifupa tu, picha mbili bapa zinaweza kutosha.

Ukiwa mzazi, una haki ya kuuliza: picha za mwanangu zitapigwa mara ngapi, na mashine imepangwa kwa mwili wa mtoto?