Jiko Chumbani: Joto Linaloua Kimyakimya

Kama unaishi Tunduma, Vwawa au Mlowo, huna haja ya kuelezwa baridi ya Juni na Julai. Mji wa Tunduma uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku upepo unapenya mpaka kwenye mifupa. Basi ugali ukishaiva, wengi wetu tunafanya nini? Jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, kila tundu linazibwa kwa matambara. Raha mustarehe! Lakini je, unajua kwamba wapo waliolala hivyo wasiamke tena?

Kwa nini jiko linaua?

Mkaa unaoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kushika himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Hivyo unapumua kama kawaida, kumbe ubongo na moyo vinakosa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyelala hasikii chochote.

Usidanganyike

"Mkaa ukishakuwa mwekundu hauna madhara." Si kweli. Moshi umeisha, gesi bado inatoka.

"Nikiweka beseni la maji chumbani niko salama." Si kweli. Maji hayanyonyi gesi hiyo.

Sasa tufanyeje na baridi?

Rekebisha chumba chenyewe. Hata kama ni geto la kupanga karibu na shule, mambo haya yanawezekana:

1. Acha wazi matundu ya hewa ya juu. Kama hayapo, mwombe mzazi au mwenye nyumba atoboe mawili karibu na dari, kwenye kuta zinazotazamana, na kuweka wavu wa mbu. Matundu hayo ni ya hewa ya kupumua. Si ruhusa ya kulala na jiko!

2. Zuia upepo wa chini. Kunja gunia uliweke chini ya mlango. Nyufa za ukuta ziziribe kwa udongo. Kioo kikivunjika, weka ubao au plastiki ngumu.

3. Baridi nyingi inatoka chini ya kitanda. Tandika makatoni au blanketi kuukuu chini ya godoro, na usogeze kitanda mbali na ukuta wa nje.

4. Weka maji ya moto, yasiyochemka, kwenye chupa yenye kifuniko imara. Ifunge kwa taulo, iweke miguuni.

5. Jiko lipikie nje au mahali penye uwazi, na mkaa uliobaki uzimwe kabisa kabla ya kulala.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Fungua mlango na madirisha haraka, mtoe nje kwenye hewa safi, kisha itisha msaada. Usikae humo ndani, nawe utaanguka. Usipoteze muda kumnywesha maziwa. Hayaondoi gesi kwenye damu, na aliyezimia anaweza kupaliwa. Mpeleke hospitali hata kama amezinduka, kwa sababu anahitaji kupewa oksijeni. Waeleze kwamba alilala na jiko.

Na wazee je?

Pengine wewe umeelewa, ila nyumbani jiko bado linaingia. Usibishane. Sema kwa adabu, "Mama, shikamoo. Naomba leo jiko tuliache nje, mtoto analala humu. Nimeshaziba chini ya mlango." Ukianza kwa kuonyesha kazi uliyofanya, utasikilizwa zaidi.

Jadilini darasani: Nyumba ngapi mtaani kwenu hazina matundu ya hewa? Nani atazungumza na wenye nyumba? Msingoje msiba uwafundishe. Anzeni na chumba unacholala wewe na wadogo zako, leo hii kabla ya jua kuzama.