Mtoto Analala Kinywa Wazi: Ulimi Wake Uko Wapi?



Leo usiku, mbele ya kuzima taa, simama karibu na kitanda cha mtoto wako umwangalie. Kinywa kimefungwa ao kiko wazi? Anakoroma? Asubuhi mto umelowa mate na midomo imekauka? Akifika masomoni anasinzia, mwalimu anasema ni mvivu. Pengine si uvivu. Pengine usiku hapumui vizuri.

Ulimi ni nyama yenye nguvu, na una mahali pake pa kupumzikia: juu. Ncha inakaa nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu, mgongo wake unagusa kaakaa, midomo imefungwa, na pumzi inapita puani. Ulimi ukikaa hapo, unasaidia kaakaa la mtoto kupanuka na meno kupata nafasi. Kinywa kikibaki wazi, ulimi unashuka na mate yanakauka. Mate ndiyo yanayolinda meno. Yakikosekana, meno yanaoza upesi na harufu mbaya inafuata.

Sababu ya kwanza mara nyingi ni pua iliyoziba. Hapa Lubumbashi, vumbi ya kiangazi na moshi wa makala vinaiumiza pua. Watoto wengine wamevimba nyama za nyuma ya pua. Wengine wamezoea kunyonya kidole ao tetini kwa miaka mingi, na ulimi umejifunza kukaa chini.

Kwa hiyo tuanze na pua. Mpeleke mtoto kwenye kituo cha afya. Kama inafaa, munganga atakutuma kwa yule wa masikio, pua na koo, tunayemwita ORL. Usimlazimishe kufunga kinywa wakati pua imeziba, na usimbandike kamwe skochi mdomoni.

Pua ikiwa wazi, mazoezi yanasaidia. Mtoto wa miaka 5 hivi anaweza kuyafanya kama mchezo, mbele ya kioo, asubuhi na jioni:

1. Abandike ulimi wote juu ya kaakaa, ahesabu mpaka 10, aachilie. Mara 5.
2. Abandike tena, kisha auangushe kwa nguvu ili ulie "tok!" Mara 10.
3. Ashike mpini wa kijiko safi kwa midomo tu, bila meno, huku anapumua kwa pua.
4. Ameze maji kidogo kidogo, ulimi ukisukuma juu, si mbele kwenye meno.

Kwa mtoto mchanga, zoezi la kwanza ni ziwa la mama: akinyonya, ulimi, mataya na midomo vyote vinafanya kazi. Akikua, apate chakula cha kutafuna, si uji na bukari laini tu.

Wakubwa nao wanafaidika. Uchunguzi uliokusanya tafiti mbalimbali mwaka 2015 ulionyesha kwamba mazoezi ya namna hii yalipunguza karibu nusu ya mara ambazo pumzi inasimama usingizini. Lakini ni kazi ya kila siku, kwa miezi, na haichukui nafasi ya munganga.

Kama pumzi ya mtoto inasimama usiku kisha anashtuka, usingoje mazoezi. Mpeleke mara moja.

Na mama mwenzetu akisema mtoto wake ni mvivu, muulize kwanza: analala namna gani?